Moshi na Matone ya Gari la Dizeli

Bwana Mhariri ametutaka sisi wa kidato cha nne tunaosoma sayansi tueleze katika gazeti hili jambo moja tulilolitazama kwa macho yetu wakati wa likizo. Wenzangu wameandika habari za nyuki na za visima. Mimi nitaeleza habari za moshi wa gari na mafuta yavujayo, kwani likizo yangu karibu yote niliimaliza chini ya gari la Mjomba kijijini kwetu Naipingo, wilaya ya Nachingwea. Nadhani wazazi wengi wasomao gazeti hili wana gari la namna hiyo, au wanawaza kulinunua korosho zitakapouzwa.

Gari lenyewe ni pikapu, Toyota Hilux ya dizeli, lililofanya kazi Japani miaka mingi kabla ya kuvuka bahari. Mjomba alilinunua Dar es Salaam kwa fedha za korosho za misimu miwili, zake na za mama yangu ambaye ni dada yake. Hubeba korosho kwenda ghalani, hubeba saruji na mabati, na zaidi ya mara moja limeamshwa usiku wa manane kumpeleka mama mjamzito hospitali ya wilaya. Kwa hiyo lilipoanza kutoa moshi wa buluu na kuacha doa jeusi uani, halikuwa jambo la mtu mmoja.

Fundi mmoja aliitwa. Aliliwasha, akautazama moshi, akainama chini akaiona oili ikidondoka pale injini inapoungana na gia boksi, akasema: "Injini imekwisha. Ringi zimekufa, na sili ya nyuma nayo imekufa. Tuishushe." Hayo yote hayakuchukua dakika tano. Bei aliyoitaja ilikuwa karibu nusu ya bei ya gari. Mjomba alirudi ndani kimya, akala kidogo. Usiku nikamsikia akimwambia mama kwamba labda atauza korosho zingali mtini, kwa kangomba. Wasomaji wa huku kwetu wanajua maana yake: ni kuuza kwa bei ya kutupa kile ambacho bado hujakivuna.

Asubuhi nilikwenda kwa babu mmoja jirani yetu, aliyeendesha malori ya dizeli tangu ujana wake mpaka macho yalipomkataza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia gari la mjomba wako linaumwa. Moshi wake rangi gani?"

"Buluu, babu."

"Hutoka saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia, "Basi rudi ukatazame. Rangi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni saa yake. Ukisha kuyajua hayo, ndipo uniambie na mafuta yanavuja wapi, maana moshi na matone ni ndugu. Usiwaulize mmoja mmoja."

Kabla sijaeleza nilichokiona, yafaa tukumbuke kidogo jinsi injini hii ifanyavyo kazi. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifanikiwa kuendesha injini yake vizuri mwaka 1897 mjini Augsburg. Haina plagi za kutoa cheche kama injini ya petroli. Pistoni hupanda na kuigandamiza hewa hata ibaki kama sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake ya kwanza, na hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la zaidi ya digrii 500. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli kama umande, nayo huwaka yenyewe. Hewa ya kutosha, dizeli iliyonyunyizwa vyema, na mbano wenye nguvu: hivyo vitatu vikiwapo, moshi hauonekani au huonekana kidogo sana. Kitu cha nne, yaani oili ya kulainisha, kina kazi yake nje ya chumba hicho cha moto, wala hakitakiwi kuingia humo.

Moshi mweusi ni masizi ya dizeli iliyokosa hewa. Kila mtu aliyesoma kwa kibatari anajua kwamba ukiupandisha utambi kupita kiasi, hupati mwanga zaidi bali masizi. Gari nalo ni hivyo hivyo. Lori la zamani lililopakia magunia likipanda mwinuko litatoa moshi mweusi kidogo, na hilo si ugonjwa. Likitoa mweusi tele katika tambarare, cha kutazama kwanza ni chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eya klina. Vumbi jekundu la njia zetu wakati wa kiangazi laweza kuliziba kabla ya muda ulioandikwa katika kitabu cha gari, kwa maana walioandika kitabu hicho hawakuijua njia ya Naipingo. Kama chujio ni safi, ndipo uende kwenye nozeli, ambazo zikichakaa hudondosha dizeli badala ya kuinyunyiza, na mwisho kwenye pampu. Nimeona watu wakilitoa chujio wakaendesha bila ya hilo ili gari "lipumue". Gari hupumua kweli, nalo huvuta mchanga unaosaga silinda siku kwa siku.

Moshi mweupe ni wa namna mbili, na mtu akizichanganya atapata hasara. Ya kwanza ni dizeli iliyoingia ndani isiwake. Huuma macho, hunuka dizeli, nayo huonekana zaidi asubuhi ya baridi. Huenda plagi za kupasha joto zimekufa, huenda dizeli iliyonunuliwa kwenye madumu ina maji, na kama moshi hauishi hata gari likipata moto, huenda mbano umepungua au pampu imefungwa nje ya wakati wake. Ya pili si moshi hasa, ni mvuke wa maji. Mvuke kidogo wa dakika za kwanza ni jambo la kawaida. Lakini mvuke usiokoma hata injini ikiwa ya moto, huku maji ya rejeta yakipungua na hakuna mahali yanapovuja, maana yake maji yanaingia silindani, mara nyingi kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua. Mvuke huyeyuka hewani upesi, bali moshi wa dizeli huning'inia. Chomoa stiki ya oili utazame: kama oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, usiliwashe tena gari hilo. Tena msifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo yana joto na msukumo wa kutosha kumbabua mtu uso.

Sasa tuje kwenye moshi wa buluu, uliotupa taabu sisi. Huu ni oili inayoungua. Hapo fundi hakukosea hata kidogo. Lakini oili ina njia nyingi za kufika motoni, na kila njia ina saa yake. Gari likitoa pumzi moja ya buluu linapowashwa asubuhi kisha likatakata, oili ilipenyeza usiku polepole kwenye sili ndogo za valvu. Likitoa linapoteremka mlima na dereva ameondoa mguu, kisha akakanyaga tena, ni hizo hizo valvu na miongozo yake. Likitoa wakati wote, na zaidi linapovuta mzigo mlimani, hapo ndipo ringi na silinda hushukiwa. Gari lenye turbo huweza kupitisha oili katika sili za turbo, nalo utalijua kwa kufungua mpira wa hewa na kukuta umelowa ndani.

Nilichukua daftari la mazoezi nikakaa kando ya njia siku tatu, Mjomba akipita mbele yangu huku na huku. Watoto walidhani nimeajiriwa na serikali kuhesabu magari. Niliandika hivi: asubuhi, pumzi moja ndogo ya buluu. Likisimama linanguruma, hakuna kitu. Likipanda polepole na mzigo, moshi ni kidogo mno. Likienda kasi katika tambarare, na zaidi likikata kona, moshi wa buluu tele.

Babu alinisikiliza, akauliza, "Ringi zilizokufa hupona mlimani zikaugua kwenye kona?" Kisha akauliza la pili: "Mjomba wako hupimaje oili?"

Nilimweleza kwamba Mjomba ni mwangalifu sana. Kila arudipo huzima gari, huchomoa stiki pale pale, na akiona imepungua huongeza. Babu akacheka mpaka akakohoa. Injini inapozimwa, oili nyingi bado iko juu, katika valvu na katika njia zake, haijateremka kwenye bakuli la chini liitwalo sampu. Mtu akipima wakati huo huona pungufu isiyokuwapo. Yafaa kupima asubuhi kabla ya kuwasha, au dakika kumi hivi baada ya kuzima, gari likiwa mahali sawa. Uani kwetu si sawa, pameinuka upande mmoja. Asubuhi ya pili tulilisukuma mpaka barabarani palipo tambarare tukapima. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa vidole viwili.

Jambo hili si dogo. Oili ikizidi, fimbo kubwa ya injini huipiga kama mwiko katika sufuria, ikawa povu na ukungu. Ukungu huo hupanda katika mpira wa kupumulia, huingia katika njia ya hewa, na kutoka hapo silindani. Gari likienda kasi au kukata kona, huingia zaidi. Babu alitueleza jambo ambalo Mjomba hakulijua: injini ya dizeli ikinywa oili yake kwa wingi huweza kukimbia yenyewe, na kuzima ufunguo hakuizuii, kwa kuwa ufunguo hukata dizeli tu. Katika gari la gia za mkono, dereva hana budi kukanyaga breki kwa nguvu, kutia gia kubwa na kuiachia klachi ili injini ifishwe kwa nguvu, au kuiziba njia ya hewa kwa kitu kigumu, kamwe si kwa kiganja. Mjomba alikuwa akipita na gari hilo lina akina mama na watoto nyuma.

Tulipunguza oili, zaidi ya lita moja na nusu, na moshi wa kwenye kona ukaisha siku ile ile. Lakini matone yalikuwa bado.

Hapa nataka nikae kidogo, maana matone hudanganya kuliko moshi. Oili inayovuja hufuata sheria mbili: huteremka, na gari likienda hupeperushwa nyuma na upepo. Kwa hiyo mahali inapodondoka si mahali inapotoka. Chanzo hutafutwa juu na mbele. Tuliiosha injini kwa sabuni na brashi ikiwa baridi, tukaikausha, tukainyunyizia unga mkavu wa muhogo kila palipoungana chuma na chuma, tukaendesha mwendo mfupi, kisha tukamulika kwa tochi. Chini tulitandika boksi lililofunguliwa, tukachora juu yake magurudumu yalipo, ili kila tone lijulikane limetoka wapi.

Si kila tone ni oili ya injini. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi kama lami hata ikiwa imebadilishwa karibuni. Ile ya difu ni nzito na ina harufu mbaya ya kiberiti. Nyekundu huwa ya usukani, au ya gia boksi ijibadilishayo yenyewe, ingawa maji ya rejeta nayo katika magari mengine ni mekundu, mengine kijani, nayo huteleza kidogo vidoleni na kunuka utamu. Usiyaonje, ni sumu. Dizeli yenyewe ni nyepesi, harufu yake haijifichi. Ukiona dizeli ikifuka katika bomba jembamba la nozeli, usiiguse kwa mkono injini inapoendeshwa, kwa sababu msukumo wake hutoboa ngozi kama sindano. Wala asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tupu.

Unga ulituambia kweli. Pale chini, kwenye maungano ya injini na gia boksi, ulilowa mwisho. Palipolowa kwanza ni juu kabisa, nyuma ya kifuniko cha valvu, ambako gasketi ya mpira ilikuwa imekauka ikawa kama plastiki. Oili ilitoka huko, ikateremka mgongoni mwa injini, ikadondoka mahali pale pale ambapo sili ya nyuma hudondokea. Mtu atazamaye chini tu ataapa kwamba ni sili ya nyuma.

Kisha tukaufungua mpira wa kupumulia. Katika kila injini, hata mpya, hewa kidogo huzipita ringi na kushuka chini, nayo hutolewa kwa mpira huu. Wetu ulikuwa umebonyea kwenye pindo na kujaa tope jeusi, nafasi iliyobaki haikutosha kupitisha penseli. Hewa isiyopata mlango hutafuta ufa, na huisukuma oili mbele yake kupitia gasketi yoyote iliyo dhaifu. Hii ndiyo maana ya maneno ya Babu kwamba moshi na matone ni ndugu. Mtu akibadilisha sili na gasketi ilhali injini imezibwa pumzi, baada ya majuma machache sili mpya nazo zitavuja, na atasema amepewa sili mbovu.

Kuna jaribio moja ambalo kila mzazi aweza kulifanya bila spana. Injini ikiwa ya moto na ikinguruma polepole, legeza kifuniko cha kutilia oili, ukiache juu ya tundu bila kukifunga. Kikitikisika kidogo tu, vyema. Kikirukaruka, na moshi ukatoka kwa vishindo, ringi zimechoka, au mpira wa pumzi umeziba: utazame huo mpira kwanza, kisha urudie. Kifuniko chetu kiliruka kabla ya kusafisha mpira, na baada ya kuusafisha kilitikisika tu. Hata hivyo fundi wa pili, huko Nachingwea mjini, alipima mbano wa silinda zote nne kwa kipimo chake. Tatu zilikuwa karibu sawa, ya nne chini kidogo. Alisema injini ina umri, haina mauti. Gasketi na mpira, vyote viwili, havikufika bei ya kilo 20 za korosho.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kutonunua vitu vilivyotumika. Maneno hayo ni rahisi kwa mwenye fedha za gari jipya. Hata serikali kubwa zimenunua mitambo iliyotumika, tena hapa hapa kwetu. Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947 kule Kongwa, ukafika na Nachingwea, ulitegemea sana matrekta na mitambo iliyobaki ya vita. Kabla ya mwaka huo kwisha, matrekta mengi yalikuwa yamelala, na mwaka 1951 Uingereza iliuacha mpango wenyewe baada ya kuzama humo pauni milioni 36. Mvua na udongo vilikuwa na sehemu yao kubwa katika hasara hiyo, lakini wanunuzi wangaliyachungulia matrekta kwa subira zaidi, wangalijiokoa na baadhi ya taabu.

Anayenunua, basi, aende asubuhi, na amwambie muuzaji mapema kwamba asiliwashe gari. Akifika aguse boneti. Ikiwa ya moto, kuna jambo lililofichwa, kwa kuwa pumzi ya asubuhi na moshi mweupe hufichika injini ikisha kupata moto. Asifurahie injini iliyooshwa ikang'aa. La Mjomba lilikuwa liking'aa hivyo siku aliponunua. Yafaa aombe kuliendesha nusu saa, kisha alisimamishe juu ya boksi, anywe chai bila haraka, ndipo atazame chini. Wakati wa kuutazama moshi asimame kando, mahali wazi, wala asiliache gari likinguruma ndani ya banda lililofungwa. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Jambo hilo lawahusu sana vijana wanaojifunza kazi katika gereji zetu.

Gari la Mjomba halikupona kabisa. Kila asubuhi bado hutoa ile pumzi moja ya buluu, maana sili za valvu hazijabadilishwa. Zitangoja korosho ziuzwe mnadani kwa bei yake. Mama amelitundika daftari langu kwenye msumari karibu na mlango, na kila Jumapili Mjomba huandika humo kipimo cha oili, baada ya gari kulala barabarani palipo sawa. Juma lililopita alinipigia simu, akaniambia kwamba kwa mwezi mzima ameongeza nusu lita tu, na doa la kwenye boksi limekuwa dogo kama sarafu ya shilingi mia.